Gunia la Bukoba

Ndevu za safari zinanuka. Asiyewahi kuzinyoa hawezi kujua. Si jasho wala si uchafu wa kawaida. Ni wiki nzima ya mwili wa mtu iliyomwagwa kwa mpigo mmoja, kama mboga iliyochacha ndani ya sufuria iliyofunikwa. Mimi nilizinyoa kila siku katika chumba cha chini cha uwanja wa ndege wa Mtwara, na kila siku nilipumulia mdomo.

"Fundi, leo umekunja sura," Dadi aliniambia. Alikuwa amelala chali kitandani, mpira wa uji umeingia puani, mpira wa mkojo unatokea chini ya shuka.

"Unanuka."

"Si mimi. Ni abiria wa asubuhi. Yumo mmoja kala vitunguu, nakuapia."

Nilimpaka povu. Alikuwa na mvi kote kidevuni na mikunjo miwili mirefu pembeni mwa mdomo. Huyu nilimwita dogo, na hakuna aliyecheka, kwa sababu Dadi Nandonde alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne. Aliingia kazini miaka miwili nyuma akiwa na kidevu laini kama cha binti. Wembe wangu ndio ulioona yote.

"Zimebaki siku ngapi?" nilimuuliza.

"Mpaka Ijumaa. Ijumaa naondoka. Unajua kwa nini Ijumaa?"

"Niambie."

"Daktari amenipima. Mwili una miaka hamsini. Mzee wangu ana hamsini na tatu. Nikizidisha msimu huu wa korosho, nampita." Alicheka, lakini macho hayakucheka. "Naweza kuoa nikiwa na mvi, fundi. Naweza kulima na mgongo mbovu. Lakini baba hawezi kuwa na mtoto aliyemzidi umri. Mtu wa namna hiyo anakaa wapi nyumbani? Anakula na nani?"

Nilifuta wembe kwenye kitambaa, na kitambaa nacho kilinuka.

Kutoka Bukoba hadi Mtwara ni kona hadi kona ya nchi, kilomita elfu moja mia tatu na zaidi kwa mstari ulionyooka. Ndege za zamani, zikienda bila kutua popote, zilitumia saa tatu hivi. Siku hizi abiria anakaa, anafunga mkanda, anameza mate, amefika. Wanauita mkunjo. Njia inakunjwa kama shuka na kona mbili zinagusana. Hilo ndilo lililo kwenye matangazo.

Lisilo kwenye matangazo ni kwamba saa haziliwi. Unaweza kukunja njia, lakini saa tatu za kila abiria hubaki zinaelea, na lazima ziingie katika mwili wenye uhai. Wasipoziweka mahali, zinawarudia abiria wenyewe. Kwa hiyo chini ya kila uwanja kuna kitanda, na juu ya kitanda kuna mtu. Shirika linamwita mpokezi. Sisi wafanyakazi tulimwita gunia. Abiria sitini, kila mmoja na saa zake tatu, wote wanamwagwa ndani ya mtu mmoja. Ndege moja ni wiki moja ya maisha yake na ushee. Ndege mbili kwa siku.

Na mimi nilikuwa kinyozi wa gunia. Niliacha shule darasa la tano, nikanyoa watu sokoni miaka mingi, kisha nikaja hapa kwa sababu palikuwa na kivuli na mshahara. Nasema hivyo ili msidhani nilikuwa nimesimama nje ya jambo hili nikilaani. Nilikuwa ndani, na kitambaa mkononi.

*

Siku hiyo hiyo dada yangu alikuwa anakuja.

Shirika humpa kila mfanyakazi tiketi moja ya bure kwa mwaka. Yangu nilimpa Dada Kokubanza, mkubwa wangu, tuliyekuwa hatujaonana naye tangu tulipomzika mama. Miguu yake huvimba na ana presha. Basi la siku mbili asingeliweza. Nilijua saa zake zitaingia kwa nani. Nilijua jina la mtu huyo na ukubwa wa pua yake. Nikaitoa tiketi hata hivyo.

Alinipigia simu kutoka uwanja wa Bukoba, kelele nyuma yake.

"Byabato, waitu, mdogo wangu, nimeshafika uwanjani. Nakuletea kitu."

"Dada, usibebe kuku. Kiumbe hai hakiruhusiwi."

"Kuku wa nini? Nani aje kwako na kuku kama anakwenda kuomba msamaha?" Akacheka. "Wamenipekua. Wamenipitisha vizuri tu. Mkaguzi mwenyewe kaomba kiganja kimoja, nikamtilia kwenye kofia."

"Kiganja cha nini?"

"Utaona. Wanaita sasa, naingia."

Simu ikakatika. Nami, mtoto wa Bukoba niliyezaliwa Novemba, mwezi ambao taa zote za mji huwashwa na mabati husimamishwa uani, sikufikiri. Miaka mingi ya korosho na pweza ilinifanya nisahau Novemba kwetu ni mwezi wa nini.

Nilimwendea Dadi. "Dogo, ndege ya mchana ina dada yangu."

"Ah! Basi nitajua alichokula." Akanyoosha mkono, nikamshika. "Usikunje sura, fundi. Saa tatu za dada yako nitazibeba kwa upande wa kulia, upande wa heshima."

*

Juu yetu ndege iligusa ardhi. Dari ikatetemeka na saa zikaanza kuingia.

Kwa kawaida humiminika kwa muda ule wa kunyoa kidevu kimoja. Mwili unarukaruka, pampu ya uji inakoroma, mfuko wa mkojo unajaa, ndevu zinachomoza kama nyasi baada ya mvua. Halafu taa ya kijani inawaka, juu milango ya ndege inafunguka, na abiria wanatoka wakinukia manukato yale yale waliyojipaka nyumbani.

Nilingoja taa ya kijani. Haikuwaka.

Ndevu zilishuka hadi kifuani na hazikusimama. Zilikuwa za kijivu, kisha nyeupe kama pamba. Kucha zilijipinda, zikaanza kumkwaruza mapajani. Pampu ilisukuma uji mpaka ukarudi pembeni mwa pua. Chini ya shuka mfuko ulipasuka, na kile kilichotoka kilienea sakafuni hadi kwenye viatu vyangu. Ngozi ya shingo ilining'inia mbele ya macho yangu. Jino likatoka, akalitema, na la pili likafuata.

"Fundi," alisema. "Fundi, hawa ni wangapi?"

Nilipiga kengele. Mhandisi Ndelwa, bosi wa kituo, alishuka ngazi akiziba pua kwa tai.

"Abiria hamsini na wanane," alisema akitazama kioo cha mashine. "Mashine inasoma viumbe elfu sitini." Aligonga kioo kwa kidole. "Elfu sitini! Ndege ina nini, nyuki?"

Hapo ndipo nilipojua. Nilihisi kinyaa, kwanza kwa dada, kisha kwa mkaguzi mwenye kofia, kisha kwangu.

"Senene," nilisema.

"Nini?"

"Senene, bosi. Panzi. Ni msimu wao. Dada yangu kabeba kiroba cha senene hai."

"Na mkaguzi wa Bukoba kapitisha wanyama hai?"

"Bosi, kwetu senene si mnyama. Ni chakula. Huwezi kumwambia mkaguzi wa Bukoba kwamba senene ni mnyama. Ni kama kumwambia ugali una roho."

Kila panzi alikuwa na pumzi. Kila pumzi ilikuwa imekwepa saa tatu. Saa tatu mara elfu sitini zilikuwa zinaingia ndani ya Dadi.

Ukutani palikuwa na mkono mwekundu wa chuma wa kukata mkondo. Ukiuvuta, saa zilizobaki zinarudi kwa wenyewe. Abiria atakaa kwenye kiti chake saa tatu, kama watu walivyokaa tangu ndege zianze kuruka. Senene naye atakaa saa tatu. Basi. Lakini milango haifunguki mpaka saa ziishe, wala hewa ya baridi haifanyi kazi ndege ikiwa ndani ya mkunjo.

Niliushika.

"Acha hiyo!" Ndelwa alisema. "Mle ndani kuna mheshimiwa. Kuna wanunuzi wa korosho, mnada unaanza sasa hivi. Tumewauzia safari isiyo na muda, Byabato. Unataka wakojoe kwenye viti?"

"Huyu anakojoa sakafuni sasa hivi."

"Huyu ameweka sahihi."

"Ameweka sahihi ya watu, hakuweka ya panzi."

Ndelwa hakupiga kelele tena. Alinisogelea, akasema polepole, kama mtu anayemshauri nduguye. "Dada yako si ana presha? Ulinieleza mwenyewe ulipoomba tiketi. Jua la Mtwara la mchana, ndege imefungwa kama kopo, mama wa umri ule, saa tatu. Vuta basi. Vuta, halafu ukambebe."

Mkono wangu ulitoka kwenye ule mkono mwekundu.

Nalisema hili wazi kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Sikumwogopa bosi, wala sikuogopa kufukuzwa. Nilimwona Kokubanza na miguu yake iliyovimba, kitambaa chake cha kichwa kimelowa jasho, nikamwona Dadi, na nikapima. Mimi nilipima watu wawili kama mtu anayechagua samaki. Nilipokuwa napima, Dadi alizeeka. Nilimsikia akizeeka: magoti yake yalilia kama mlango mkavu. Jicho moja lilifunikwa na ukungu mweupe, nikaona ukungu ukifika.

Hakuniomba. Angeniomba ningechelewa zaidi, najijua. Alinitazama kwa lile jicho lililobaki, akafungua mdomo usio na meno ya mbele, na akatapika uji kifuani.

Nikavuta.

*

Saa tatu ni muda mrefu. Watu wamesahau. Mwanzo abiria walidhani ni hitilafu ndogo, wakapiga makofi ya utani. Baadaye walipiga madirisha. Tuliwasikia kutoka chini wakimwita rubani, wakiitana wakili, wakiita Mungu. Mtu mmoja aligonga mlango kwa kiatu mpaka kisigino kikatoka. Ndelwa alizunguka uwanjani akitikisa mikono kwenye vioo kama anayefukuza ndege shambani.

Mimi nilimwosha Dadi. Nilimkata kucha kwa mkasi wa bustani, wa kawaida ulishindwa. Alikuwa hai. Nikikadiria, alipokea miaka kumi na mitano hivi kabla sijavuta, na sehemu ya hiyo ni ya kupima kwangu. Sijui ni sehemu gani. Mashine inajua, lakini sikuiuliza.

"Nipe kioo," alisema.

"Hakuna kioo."

"Wewe kinyozi, huna kioo?"

"Kimevunjika."

"Muongo," alisema. Ulimi wake ulikuwa unatafuta meno. "Panzi, fundi? Kweli panzi?"

"Kweli."

Alicheka. Naapa alicheka, na kile kicheko kilitoka na makohozi mengi mazito ambayo niliyapokea kwenye kitambaa. "Mheshimiwa, haya. Mfanyabiashara, haya. Sasa na panzi naye ana haraka!"

Milango ilipofunguka, harufu iliyotoka ndani ya ndege niliifahamu vizuri. Walishuka wameloa, nguo zimejikunja, miguu imevimba, wengine wanalia. Mheshimiwa alikuwa amejifunika koti kiunoni. Walikuwa wamechoka kwa saa tatu, za kwao wenyewe, na walitazama huku na huku kama watu waliopigwa. Nilitafuta huruma ndani yangu nikakuta haipo. Mmoja alinishika shati akafoka, "Mnajua mmetufanyia nini?" Nilimwambia atoe mkono au nitamnyoa.

Dada alitoka wa mwisho, anashikwa mkono na mhudumu. Mzima. Midomo imekauka, mguu mmoja umeingia kwenye kiatu na mwingine umekataa. Begani ana kiroba, na kiroba kinacheza.

"Byabato! Nyie mna kazi mbaya. Ndege gani hii? Basi lina madirisha angalau." Akanitazama vizuri. "Mbona hunikumbatii?"

"Dada, fungua kiroba."

"Hapa? Wataruka."

"Fungua."

Alifungua kidogo, uso umejaa furaha ya mtoaji zawadi. Walikuwa wengi, kijani na kahawia, wamepandana, miguu yao inakwaruza kiroba kutoka ndani. "Nimewakamata mwenyewe siku tatu," alisema. "Senene aliyekaangwa jana si senene. Nilisema mdogo wangu atakula wabichi wa leo leo, wa Bukoba, kama mtoto wa watu."

Nilimshusha chumba cha chini, kwa Dadi. Nilimwonyesha. Nilimweleza kwa maneno machache, na kwa kila neno alirudi nyuma hatua, mpaka mgongo ukagusa ukuta. Alitaka kuvua kitenge amfunike Dadi, kisha akaona kitenge kina senene watatu wameng'ang'ania pindo, akakipiga kofi, akapiga, akapiga, mpaka wakawa maji ya kijani. Halafu akakaa pale pale sakafuni, penye majimaji, na kulia kwa Kihaya.

Dadi ndiye aliyemtuliza. "Mama, usilie. Mimi nina njaa."

"Nikupikie nini, mwanangu?"

"Hao hao."

"Hao?"

"Nimewabeba wote. Acha nao wanibebe kidogo. Ila uwatwange, sina meno."

Dada aliwakaanga jikoni kwa wafanyakazi, akawatwanga kwa kinu cha vitunguu, akamlisha kwa kijiko. Mafuta yalimchuruzika kwenye ndevu nilizokuwa nimetoka kuzinyoa nusu. Alikula bakuli mbili. Mimi sikuweza kutazama, na sikuweza kuondoka.

Jioni shirika lilitoa uamuzi. Ndelwa aliusoma mbele yetu kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi nzuri: kuanzia kesho, abiria wa Bukoba wahakikishe senene wamekaangwa kabla ya kupanda. Ni hilo tu. Ndege ya asubuhi ingeondoka kwa ratiba. Kitanda kilikuwa kimeshapakwa dawa, na shuka jipya limetandikwa.

Niliweka wembe wangu juu ya lile shuka nikatoka. Hakuna aliyeniita.

*

Tulimpeleka Dadi kwao Nanyamba siku iliyofuata, mimi na Dada. Gari liliachwa barabarani, tukatembea taratibu kati ya mikorosho, Dadi katikati, ameshika fimbo niliyomkatia njiani. Mara moja tu alisimama, akasema, "Fundi, ukifika acha niseme mimi."

Baba yake alikuwa uani anaanika korosho kwenye mkeka, anazigeuza kwa miguu. Mtu mnene, mweusi, mwenye meno yote. Alipotuona aliacha kazi, akafuta mikono kwenye suruali na kuinama kidogo mbele ya mwanawe.

"Shikamoo mzee. Karibuni, karibuni."

Nilimtazama Dadi. Dada alinifinya mkono mpaka ukauma.

"Marahaba," Dadi alisema.

Tulipewa viti. Dadi alipewa kile chenye mto. Mzee Nandonde alisimama mpaka mgeni wake alipokaa, ndipo naye akakaa, chini, kwenye ukingo wa mkeka.

"Tunatoka Mtwara," Dadi alisema. "Tunafanya kazi na kijana wako. Amenituma nikusalimie."

"Dadi! Mbona hakuja? Alisema Ijumaa."

"Amehamishwa. Kapelekwa Bukoba."

"Bukoba!" Mzee alipiga paja. Akaita ndani, "Mama Dadi! Mtoto yuko Bukoba!" Kisha akatugeukia, uso unang'aa. "Kapanda ndege?"

"Kapanda."

"Mwanangu kapanda ndege." Alirudia polepole, kama anaonja. "Na huko ni mbali sana, nasikia. Mwisho wa nchi. Sasa mzee wangu, siku hizi mpaka kufika ni mwendo wa muda gani?"

"Hakuna muda. Unakaa, unafunga mkanda, umefika."

Mzee aligeuza korosho moja kwenye vidole. Alikuwa anafikiri kweli.

"Na huo muda unakwenda wapi?"

Dadi alimtazama baba yake kwa jicho moja, kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. "Sijui," alisema. "Wanajua wataalamu."

Niliinuka. Nilipita nyuma ya nyumba, nikashika mti wa kwanza niliouona, nikatapika mpaka sikubakiwa na kitu. Kupitia ukuta wa udongo niliwasikia wakiongea.

"Mwenzako ana nini?" mzee aliuliza. "Mgonjwa?"

"Hapana," Dadi alijibu. "Hajazoea safari."